Ngoma Ina Amri, Paa Halina Mwenyewe

Novemba 2014, UNESCO iliiandikisha ngoma ya kifalme ya Burundi kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 2017, ikatoka amri ya rais: vikundi vya ngoma vijiandikishe wizarani, ngoma isipigwe nje ya shughuli rasmi bila kibali, na wanawake wasiipige kabisa. Mimi hilo la wanawake silikubali, lakini si mada ya leo. Ninachotaka kionekane ni kwamba dola imeamua ngoma ina mwenyewe. Ina daftari, ina wizara, ina adhabu.

Ngoma hiyo haikuwa ikilala nje. Kule Gishora, mwendo wa kilomita saba hivi kutoka Gitega, ngoma Ruciteme na Murimirwa zilitunzwa ndani ya nyumba ya nyasi, katika boma la kifalme la nyasi na miti hai, na watu waliozipiga walikwenda kulala katika nyumba za aina hiyohiyo. Ngoma imepanda jukwaa la dunia, nyumba imebaki na jina la fedheha: nyakatsi. Ukimwambia mtu wa Bujumbura kwamba jirani yake ametoka kwenye nyakatsi, umemwambia habari ya ufukara wake, hujamwambia habari ya usanifu. Swali la uchambuzi huu ni kama kweli kuna thamani iliyopotea hapo, ipo wapi hasa, na kama inaweza kuokolewa bila kumrudisha maskini chini ya paa linalovuja.

Tuanze na nyumba yenyewe, maana wengi wetu tunaoizungumzia tumeiona kwenye picha au kwenye jumba la makumbusho tu. Nyumba ya kale ya vilimani haikuwa na ukuta na paa kama vitu viwili. Ilikuwa kapu kubwa lililopinduliwa. Miti myembamba ilichimbiwa kwa kufuata duara, ikapindwa kuelekea katikati, kisha ikazungushiwa pete za fito, pete juu ya pete, zikifungwa kwa kamba za magome na mafunjo. Nguzo za ndani zilibeba uzito. Nyasi zikaanza kuwekwa kutoka chini kwenda juu, kila safu ikiifunika ile iliyotangulia, hadi kileleni zilipokusanywa na kufungwa pamoja. Mlango ulikuwa mfupi, na mara nyingi ulikuwa na kibaraza kidogo mbele, hivyo kila aingiaye huinama, mkubwa kwa mdogo.

Ndani, nafasi iligawanywa kwa viambaza vya matete yaliyosukwa, na katika nyumba za watemi na wafalme viambaza hivyo vilikuwa na michoro myeusi na myeupe ya pembe na mistari ambayo leo utaikuta kwenye vikapu vinavyouzwa sokoni. Moto ulikuwa ndani. Dohani haikuwepo: moshi ulipanda ukapenya taratibu katikati ya nyasi, na katika kupenya huko ukafanya kazi mbili, kukausha paa na kuwafukuza wadudu. Ndiyo sababu paa la nyasi la nyumba iliyohamishiwa jiko nje huoza haraka kuliko lile lenye moto chini yake kila jioni. Anayejenga nyumba ya makumbusho isiyopikiwa ndani ajiandae kuezeka upya mara kwa mara.

Mwinamo wa paa nao una hesabu yake. Nyasi hazizuii maji kama bati linavyozuia. Zinayaongoza. Tone linashuka kutoka bua hadi bua, na kama paa limesimama vya kutosha, zaidi ya nyuzi 45 hivi, maji hufika ukingoni kabla ya kuzama, na ni unene wa vidole vichache tu vya juu unaolowa. Likilala kidogo, linavuja. Wazee wa Mugamba, kwenye miinuko inayopita mita 2,000 ambako usiku ni wa baridi na mvua huja na mawe, hawakuhitaji kipimo cha chuma kulijua hilo. Unene huohuo uliwahifadhia joto usiku. Huku kwetu Bujumbura, kando ya Tanganyika, karibu mita 775 juu ya usawa wa bahari, mambo ni kinyume chake: saa nane mchana chumba cha bati kisicho na dari hakikaliki, na mvua ya Aprili ikianza mwalimu hunyamaza hadi imalizike, kwa sababu darasa halimsikii.

Lakini kuitazama nyumba moja peke yake ni kuikosa maana yake. Mrundi hakuishi kijijini. Aliishi kwenye rugo, boma lake, likiwa peke yake juu ya mteremko wa kilima, migomba ikilizunguka, na jirani akionekana upande wa pili wa bonde. Ndani ya rugo mlikuwa na ua wa mbele wa ng'ombe, ua wa nyumba kubwa, ghala za nafaka zilizoinuliwa juu ya miguu ya miti, ua wa nyuma wa mambo ya nyumbani yasiyo ya wageni, na mara nyingi kibanda kidogo cha mizimu ya ukoo. Mgeni alisomeka kwa umbali alioruhusiwa kuingia. Kuna aliyeishia langoni, kuna aliyefika ua wa kati, kuna aliyeinama mlangoni akaketi. Boma la mfalme lilikuwa na mpango huuhuu, ila nyua zake zilikuwa nyingi na kubwa zaidi.

Ua wa rugo ulikuwa wa miti hai, na hapa ndipo penye jambo ambalo sijaliona likitiliwa uzito unaostahili. Vigingi vya mkuyu na mirinzi vilivyochomekwa ardhini vikiwa vibichi vilitoa mizizi. Mfalme wa Burundi hakuwa na mji mkuu mmoja. Alikuwa na maboma mengi, na alihama kati yake. Boma lilipoachwa, nyumba zilioza kwa misimu michache zikarudi kuwa udongo, lakini vigingi vikaendelea kukua. Baada ya miaka mia, kilichobaki cha ikulu ni duara la miti mikubwa isiyokatwa. Watu wa Muramvya wanaonyeshana maeneo hayo hadi leo, na mwaka 2007 Burundi ilipopeleka UNESCO orodha yake ya awali ya maeneo ya kuzingatiwa kuwa urithi wa dunia, ilitaja mandhari takatifu za Muramvya, Mpotsa na Nkiko-Mugamba, na pia makao ya kifalme ya Gishora. Hakuna hata moja lililokwisha kuandikishwa. Nchi haina eneo lolote la urithi wa dunia.

Mzungu aliyezoea kasri la mawe akifika hapo huuliza jengo liko wapi. Jibu ni kwamba jengo halikukusudiwa kudumu. Kilichokusudiwa kudumu ni mahali, mpango wa nyua, na ujuzi wa mikono wa kulisimamisha tena. Hili ndilo ninaloliona kuwa kiini cha suala zima, na ndilo linalofanya sheria ya Mei 1983 ya kulinda urithi wa utamaduni wa taifa iwe ngumu kuitumia kwa nyumba ya nyasi: sheria za namna hiyo hulinda kitu kilichopo. Paa la nyasi lisipofanywa upya kila baada ya miaka michache halipo. Kulilinda ni kulibomoa na kuliezeka tena, na fundi asipokuwepo hakuna cha kulinda.

Kwa nini limetoweka, basi? Maelezo yanayotolewa haraka ni kwamba watu waliendelea. Yana ukweli. Wamisionari wa White Fathers walifungua misheni ya Muyaga mwaka 1898 na Mugera mwaka 1899, na nyuma yao yakaja matofali ya kuchoma na vigae, ambavyo bado vinapamba vilima vya katikati ya nchi kwa rangi ile nyekundu ya kutu. Huku ziwani, Waswahili waliotoka Ujiji na Uvira walikuja na nyumba ya pembe nne, na ndiyo iliyosimama Buyenzi na Bwiza: ukuta wa udongo, vyumba, baraza ya kukalia jioni. Mtoto wa Buyenzi hajawahi kuwa na nyumba ya msonge ya kuililia, na simlaumu. Kwenye kilima nako, pembe nne zilimaanisha kwamba mtu amesoma, amebatizwa, au ana mshahara.

Ila fahari peke yake haimalizi nyasi. Nyasi zilimalizwa na shamba. Kuanzia miaka ya 1930 utawala wa Wabelgiji uliwalazimisha wakulima kupanda kahawa, na kahawa ikaja na amri ya kutandaza nyasi chini ya mibuni ili udongo usikauke. Nyasi zilizokuwa zikingojewa kukatwa kwa ajili ya paa zikaenda kulala chini ya mbuni. Kisha watu wakaongezeka: nchi ya kilomita za mraba 27,834, sensa ya 2008 ikihesabu zaidi ya watu milioni 8, wengi wao wakulima. Malisho yakawa mashamba ya maharage. Mabonde ya kinamasi yaliyotoa mafunjo na matete yakachimbwa mifereji, yakalimwa mpunga na viazi. Anayetaka leo kuezeka nyumba moja vizuri kwa namna ya zamani atazunguka vilima vingapi kutafuta mizigo ya nyasi ndefu zenye bua zima? Atakachokipata kwa urahisi ni majani ya migomba na vipande vya majani mafupi, na hiyo ndiyo nyakatsi tunayoijua sisi: paa jembamba, lililolala, linalovuja. Tumeihukumu nyumba ya kale kwa mabaki yake.

Vita vikamaliza kazi. Kati ya 1993 na 2005 nyumba nyingi mno zilichomwa au kuachwa, na paa la nyasi linawaka kwa kijiti kimoja cha kiberiti. Wakimbizi waliorudi kutoka kambi za Kigoma walipewa mabati, na wengine wakajengewa vijiji vya amani vyenye nyumba zilizopangwa mstari, kitu ambacho kilima cha Burundi hakikukijua. Bati lina faida nyingine isiyotajwa sana: ukikimbia tena unaweza kulibandua ukaenda nalo, au ukaliuza. Kwa mtu aliyekimbia zaidi ya mara moja katika maisha yake, hiyo si hoja ndogo.

Ng'ambo ya mpaka, Rwanda ilichukua njia ya mkato. Mwaka 2010 na 2011 iliendesha kampeni ya nchi nzima ya kufuta nyakatsi, na nyumba za nyasi zikabomolewa kwa maelfu. Mashirika yanayotetea wenyeji wa asili yalilalamika kwamba familia za Watwa zilibomolewa paa kabla ya kupewa jingine, zikanyeshewa. Huku Burundi nako mabati yamegawiwa na hotuba zimetolewa, na Watwa ndio wanaoonekana zaidi wakiwa bado chini ya nyasi, kwa kuwa hawana ardhi ya kufyatulia tofali wala fedha ya kununulia bati. Lazima tulitazame hili usoni kabla ya kutamka neno urithi. Anayelala kwenye kibanda cha majani pembeni mwa kilima hahifadhi utamaduni wa mtu. Anangoja nyumba. Mtu yeyote anayependekeza abakizwe humo ili watalii wapige picha hana hoja ya kujibiwa.

Mfano wa mbali unasaidia hapa, kwa sababu unaondoa dhana kwamba hili ni tatizo la Afrika. Ayalandi, kisiwa cha mvua na upepo, wakulima wake waliishi kwa karne nyingi katika nyumba ndefu zenye upana wa chumba kimoja, kuta nene za mawe au udongo, moto katikati, na paa la mabua ya shayiri, ngano au matete. Kwenye pwani ya magharibi paa lilifungwa kwa kamba zilizoshikizwa kwenye mawe ili upepo wa Atlantiki usiling'oe. Nako paa la nyasi likawa alama ya umaskini, nako vikaja vigae vya mawe na bati. Na nako, kilicholimaliza kabisa ni shamba: mashine za kuvunia huvunja bua, na mbegu za kisasa zilizolishwa mbolea hutoa bua fupi na laini lisilofaa kuezekea. Leo serikali yao hutoa ruzuku kwa wenye nyumba hizo, nyingi zinalindwa chini ya sheria ya mipango ya mwaka 2000, lakini fundi huagiza matete kutoka nje ya nchi, na mwenye nyumba huhangaika kupata kampuni ya bima itakayomkubali. Nchi tajiri, yenye sheria na fedha, imeokoa majengo na bado inatafuta nyasi.

Sisi tumeokoa nini? Jumba la makumbusho la Gitega, lililoanzishwa 1955, limehifadhi vyombo: vikapu, mikuki, vitu vya ikulu. Makumbusho Hai ya Bujumbura, yaliyofunguliwa 1977, yalifanya jambo la busara zaidi kwa kujenga upya boma la jadi, ingawa watoto wa shule wakipelekwa huko huwahi kwenye mamba na nyoka. Rwanda ina ikulu ya nyasi ya Nyanza, imejengwa upya kwa ufundi wa hali ya juu. Dar es Salaam ina Makumbusho ya Kijiji. Zote zina kasoro moja: nyumba inaonyeshwa kama kitu kilichokamilika. Mgeni anaingia, anainama, anatoka. Hamwoni mtu akifunga pete ya fito, wala hamwoni anayekata nyasi kwa wakati wake, zikiwa zimekauka zikisimama, kabla moto wa kiangazi haujazifikia.

Ipo sehemu moja katika ukanda wetu ambapo jambo hili lilieleweka tangu zamani, na ambapo pia lilifikia ukingoni. Kasubi, Kampala, Kabaka Muteesa wa Kwanza alijenga ikulu mwaka 1882, na alipofariki 1884 ikawa kaburi lake. Wafalme watatu kati ya waliomfuata wakazikwa humohumo. Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kuu, ina kipenyo cha mita 31 kwa nje, na ndani kuna pete 52 za paa zinazowakilisha koo za Buganda. Kuezeka ni haki na wajibu wa ukoo wa Ngeye, urithi unaopita kutoka baba hadi mwana. UNESCO iliiandikisha mwaka 2001. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 ikateketea.

Kujenga upya kulichukua zaidi ya miaka kumi, na ndipo Septemba 2023 Kasubi ikaondolewa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Fedha zilipatikana, Japani ikasaidia, vifaa vya kuzima moto vikafungwa. Lakini ninachokizingatia ni kwamba kulikuwa na ukoo wa kuitwa. Lau Gishora ingeungua leo, tungemwita nani kwa haki na wajibu wa ukoo wake? Kwa ngoma tunajua: zipo familia za wapigaji zinazojulikana, na kijana huanza kupiga akiwa mdogo. Kwa paa, tungeita mkandarasi.

Wapo waliofanya kazi ya kuandika. Mfaransa Jean-Louis Acquier alitoa mwaka 1986 kitabu cha michoro na vipimo vya usanifu wa jadi wa Burundi, kilichochapwa Marseille, na hadi sasa ukitaka kujua fito zilifungwaje hicho ndicho cha kufungua. Kimeandikwa kwa Kifaransa. Fundi wa Mwaro anayesoma Kirundi, au wa Buyenzi anayesoma Kiswahili, hana cha kwake. Michoro, hata hivyo, haihitaji tafsiri kubwa. Kijitabu cha kurasa thelathini kwa lugha zetu, chenye picha za mikono ikifanya kazi, kingekuwa na faida kuliko semina nyingi za urithi ninazozijua.

Kuhusu la kufanya, sioni haja ya mpango mkubwa. Rugo haihitaji kuokolewa kote: mpango wake unaendelea wenyewe. Panda kilima chochote cha Gitega utaona nyumba ya tofali mbichi za rukarakara na bati, pembe nne, na mbele yake ua wa kupokelea wageni, nyuma ua wa jiko, pembeni ghala, na uzio wa miti hai. Paa limebadilika, adabu ya nyua imebaki. Hilo wapimaji wa vijiji vya amani walilisahau walipopanga nyumba mstari, mlango ukitazamana na mlango, na ndilo linalofaa kuingizwa katika ramani za makazi mapya kabla ya kuzungumzia nyasi.

Nyasi zenyewe zinahitaji kidogo: maboma mawili au matatu ya taifa, Gishora likiwa la kwanza, yaezekwe upya kwa ratiba inayojulikana, hadharani, na kando yake kuwe na ekari chache za kinamasi kisicholimwa na malisho yasiyochungwa, kwa ajili ya matete na nyasi ndefu. Amri ya 2017 inamtoza faranga laki tano anayekodi ngoma kwa sherehe binafsi. Sijui kwa nini sehemu ya ada hiyo isinunue mizigo ya nyasi ya nyumba inayolaza ngoma. Moto uwashwe ndani kila jioni. Mlinzi apike humo ugali wake.

Na mafundi wapo, ila hatujawatazama. Kando ya ziwa hapa Bujumbura, mahoteli na baa za ufukweni zimejaa payoti, vile vivuli vya nyasi ambavyo mwenye fedha hulipia bia mara mbili ili akae chini yake. Wanaoviezeka ni vijana, wengi wao kutoka vilimani, wanaolipwa kwa siku, na tangu maji ya ziwa yalipoanza kupanda na kula ufukwe wamekuwa wakibomoa na kujenga upya karibu kila msimu. Wanajua kufunga mzigo, kupanga safu, kusawazisha ukingo. Hawajui kusuka kapu la fito bila misumari, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaagiza kazi hiyo. Wanawake wanaosuka vikapu wanaujua mshono na michoro, lakini hawajawahi kuitwa kwenye kiwanja cha ujenzi. Makundi hayo mawili yakutanishwe Gishora kwa msimu mmoja wa kiangazi, pamoja na mzee yeyote anayekumbuka pete ya kwanza hufungwa wapi, na walipwe kwa siku, kwa kiwango cha ufukweni.